Damu ya Jamaldine

Nazira alipoambiwa kwamba yuko hai kwa damu ya mumewe, alikuwa bado amelala chali, midomo imemkauka, na mtoto wake wa kwanza, Wahida, akilia mahali fulani upande wa miguuni. Alikuwa amevuja sana baada ya kujifungua. Habari ile aliipata kwa mkwewe, Bi Atija, aliyeitoa kwa sauti ya mtu anayetangaza harusi.

"Mwanangu kalala pale kando, kakunja shati, kajaza mfuko mzima. Sasa wewe ni wake nje na ndani. Utakwenda wapi tena?"

Wanawake waliokuwa chumbani wakacheka, na Nazira akacheka nao kwa pumzi aliyokuwa nayo. Hii ilikuwa Mocímboa da Praia, pwani ya kaskazini ya Msumbiji, kabla mji haujakimbiwa, wakati hospitali ilikuwa bado na madirisha. Desturi pale ilikuwa mgonjwa aletewe watoaji damu na jamaa zake, na jamaa za Jamaldine walikuwa wengi, wanene, na wenye sauti.

Jambo ambalo hakuambiwa siku ile ni kwamba alikuwepo mtoaji mwingine. Nesi Lurdes alikuwa amepima damu ya Nazira akaona ni B, tena hasi, aina ambayo watu wachache sana wa pwani wanayo. Alikumbuka mtu mmoja mwenye damu kama hiyo, Luís, mpishi wa shule, Mmakonde aliyeteremka kutoka Mueda. Akamwita. Luís alifika na aproni yake ya jikoni, akaivua, akakunja mkono wa shati, akakaa kwenye benchi kusubiri.

Bi Atija alimtazama kuanzia viatu hadi kichwa.

"Huyu? Huyu anakunywa, anakula nguruwe, na hana udugu na sisi hata wa mbali. Damu ya mwanamume mwingine imwingie mke wa mtu? Akiamka atakuwa mke wa nani?"

"Mama, hii ni dawa," Lurdes alisema.

"Dawa inauzwa dukani. Hii imetoka kwenye mwili wa mwanamume."

Jamaldine alikuwa amesimama mlangoni, mikono yake bado ina grisi, maana kazi yake ni kutengeneza injini za mashua. Aliposikia kwamba damu yake nayo ni B, alishika neno hilo hilo. Herufi ni moja, basi. Lurdes akaeleza kwamba herufi ni moja lakini alama ni mbili: ya mke ni hasi, ya mume ni chanya, na kwa mwanamke ambaye bado atazaa, damu ya mumewe ndiyo ya mwisho kufikiriwa. Hakuna aliyemsikiliza. Kwenye kitanda Nazira alikuwa anageuka rangi ya majivu, na Lurdes hakuwa na muda wa kushindana na ukoo mzima. Akamlaza Jamaldine, akamchoma sindano. Luís akavaa aproni yake akarudi kupika maharage.

Damu ile haikumdhuru Nazira hata kidogo. Alipata rangi, akaketi, akanyonyesha.

Kisha vita vikaja mjini, wakakimbia. Mtoto wa pili alizaliwa ugenini, kwenye hema karibu na Pemba, mvulana mwenye macho ya manjano kama kiini cha yai. Manjano yale yakashuka kifuani, yakashuka tumboni, naye akaacha kunyonya, akafa. Wa tatu alitoka amevimba, hajalia. Jamaldine aliwazika wote wawili kwa mikono yake, na kila mara alirudi akakaa kimya pembeni ya Nazira, akimmenyea muhogo, akimpa vipande vidogo vidogo kama mtoto.

Bi Atija hakukaa kimya. "Tumbo hili linakula," aliwaambia majirani, na majirani wakamfikishia Nazira. Wakaitwa waganga. Nazira akafukizwa, akafungwa hirizi kiunoni, akaoshwa kwa maji ya majani yaliyomwasha wiki nzima. Usiku na mchana alijichunguza ndani yake akitafuta kosa alilofanya, na kwa kuwa hakuliona, aliamini limejificha vizuri.

Waliporudi Mocímboa, nyumba yao ilikuwa kuta bila paa. Jamaldine alipata mabati, akafungua karakana yake pembeni ya soko. Nazira alianza kukausha ngisi na kuwauza. Wahida akaanza shule. Maisha yakawa na mipaka yake: huko bara huendi bila msafara wa jeshi, baharini huendi bila ruhusa ya jeshi, na jua likizama kila mtu yuko ndani kwake akisikiliza. Ndani ya mipaka hiyo Nazira akapata mimba ya nne.

Kliniki alimkuta Lurdes, amezeeka, miwani yake imefungwa uzi. Walikumbatiana, wakalia kidogo kwa ajili ya waliokufa, kisha Lurdes akampima na kumuuliza habari za watoto. Nazira alipokuwa akisimulia, nesi aliacha kuandika.

"Keti vizuri, mwanangu," alisema. "Tumbo lako halili mtu."

Akamweleza. Mtoto hubeba alama ya baba yake katika damu. Mwili wa Nazira hauna alama hiyo, na zamani haukuijua. Ilipita kidogo wakati wa kumzaa Wahida, kisha ukaja mfuko mzima wa damu ya Jamaldine. Ndipo mwili ukajifunza.

"Ni kama sisi hapa," Lurdes alisema. "Zamani gari likiunguruma mtaani, nani alikuwa anaamka? Sasa hata likiwa gari la unga tunaruka kitandani. Hatutaki kuwa hivyo, ila tumeshajua. Damu yako nayo imeshajua. Ikiona alama ya Jamaldine, inapiga, haiulizi kama aliyeibeba ni mtoto."

Nazira alitazama vidole vyake. "Kwa hiyo aliniokoa."

"Alikuokoa."

"Na ndiyo hiyo hiyo inayowaua."

Lurdes akachukua tena kalamu yake. Alisema yako matumaini: Pemba kuna daktari anayeweza kumwangalia mtoto tumboni kwa mashine, akimwona anaishiwa damu amtoe mapema, ambadilishe damu. Lakini lazima aende sasa, na akae huko mpaka azae.

Jamaldine alikataa. Barabarani juzi tu msafara ulikuwa umepigwa risasi. Mkewe mwenye mimba atasafiri vipi? Hapa kuna mkunga, kuna mama yake, na kuna mganga mpya kutoka Palma anayesifiwa. Nazira alibembeleza, akaongea juu ya mashine na daktari, na kila neno liligonga kwenye ukuta ule ule wa upole. Alikuwa na ufunguo mmoja tu wa kumtoa pale, na ufunguo huo ungemvunja Jamaldine. Alikaa nao siku kadhaa. Mtoto alikuwa ameanza kucheza. Mchana mmoja akaenda karakana, akamkuta amepiga magoti mbele ya injini iliyofunuliwa, akamwambia yote.

Jamaldine aliendelea kushika spana.

"Damu yangu?"

"Hukujua. Hakuna aliyejua."

"Lurdes alijua. Alisema, nikamsikia. Nilikuwa nataka niwe mimi." Akafuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole baada ya kidole. "Basi waitoe. Injini ukiitilia mafuta mabaya, unamwaga, unaosha tangi, unaanza upya."

"Mwili si tangi, Jamaldine. Damu yako ilishakufa zamani, ndani ya miezi michache. Kilichobaki ni mwili kukumbuka."

"Mpaka lini?"

"Nesi anasema hausahau."

Akakikunja kile kitambaa, akakiweka juu ya injini. Aliposema, alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayempangia mteja siku ya kuja kuchukua injini yake.

"Nenda Pemba. Na nimekuacha, Nazira. Talaka moja. Utafute mtu ambaye damu yako haimwogopi."

"Nimekuja kukuomba ruhusa ya safari," Nazira alisema. "Hiyo talaka nani kakuomba?"

Lakini lilikuwa limeshatamkwa, na fundi wa karakana ya jirani alikuwa amelisikia. Kufika alasiri, mtaa mzima ulikuwa nalo. Bi Atija akaweka mkeka mbele ya chumba cha Nazira, akaketi juu yake. Mwanamke wa eda haondoki nyumbani kwa mumewe, alisema, na mwenye mimba eda yake ni mpaka azae. Pemba ataiona akishazaa. Ilibidi shehe Abibo aitwe. Shehe alisikiliza, akasema matibabu yana ruhusa na mwanamke aende.

"Na huyu mume?" aliuliza mama mdogo Mariamo, dada wa mama yake Nazira, mwanamke mfupi asiyeogopa mtu. "Akijuta?"

"Mlango uko wazi. Anaweza kumrejea wakati wowote kwa kutamka tu, hata kwa simu. Ila mtoto akitoka, eda imekwisha. Hapo wameachana, na wakitakana, ni ndoa mpya."

Jamaldine alikuwa amesimama uani, akisikia. Hakutamka kitu. Alimbeba Wahida mabegani ili amuage mama yake, na Nazira aliona kwamba mumewe anadhani kunyamaza kwake ni wema.

Aliondoka na Mariamo kwenye msafara, wamebanwa juu ya magunia, wanajeshi mbele na nyuma. Mariamo alimsema Jamaldine njia nzima. "Mashua za watu anaziwasha. Ya kwake kaizima mwenyewe, halafu kakaa pembeni analia." Nazira alicheka, akashika tumbo, akacheka tena mpaka machozi yakamtoka.

Pemba alipewa kitanda, na kila siku chache Daktari Neusa, kijana wa Montepuez, alimpitishia mashine tumboni. Nazira alijifunza kuusoma uso wake. Alimpigia Jamaldine; waliongea juu ya Wahida, juu ya ngisi, juu ya bei ya mabati. Alisubiri lile neno la kumrejea. Mara mbili alilisikia likikaribia, na mara mbili Jamaldine aliuliza kama anakula vizuri. Yeye naye hakuweza kuliomba. Mtu aliyekuacha kwa huruma, utamwambia nini?

Kisha asubuhi moja uso wa Neusa ukabadilika.

"Mtoto anaishiwa damu. Kesho nakupasua."

"Hajafikisha miezi."

"Nje nitampigania. Huko ndani ni wewe unayempiga, samahani kusema."

Nazira alipiga simu. Haikupatikana. Alimpigia fundi wa jirani, akaambiwa Jamaldine amekwenda kisiwa cha Rongui kutengeneza injini, mtandao hakuna kule, atarudi Ijumaa.

"Daktari, nipe mpaka Ijumaa."

"Kwa nini Ijumaa?"

Nazira akamtazama Mariamo. Mariamo akasema kwa niaba yake: "Mtoto akitoka, ndoa nayo inatoka. Baba yuko kisiwani."

Neusa aliwatazama wote wawili. Hakuwa Mwislamu, na ilichukua muda kumfafanulia. Alipoelewa, alivua glavu akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Dada, ningeweza ningekupa mwezi. Nikikupa mpaka Ijumaa, nitatoa maiti."

Nazira aligeukia ukutani. Alihesabu alivyo navyo na kuona vyote vinashikana: mume aliyeingia ndani yake kumwokoa, mwili uliojifunza kumkataa, mtoto aliyebebeshwa alama ya mmoja na kufungiwa kwa mwingine. Akimwacha ndani, atabaki mke wa mtu na kaburi jingine. Akimtoa, atakuwa mama, si mke tena. Upande wa kushoto, chini ya mbavu, mtoto alisukuma kidogo, bila nguvu, kama mtu anayejaribu mlango asiotarajia ufunguke.

"Mtoeni," alisema. "Leo kama mnaweza."

Walimtoa alasiri hiyo. Mvulana, mdogo, mweupe wa kukosa damu, na alilia kama paka. Wakamtolea damu yake kidogo kidogo kupitia kitovu na kumtilia nyingine isiyo na alama ya baba yake, ili kinga ya mama iliyobaki ndani yake isipate cha kupiga. Wakamlaza kwenye sanduku la kioo chini ya taa ya buluu, macho yamefunikwa kitambaa. Kesho yake Neusa alisema manjano yanapungua. Siku iliyofuata alisema anyonyeshwe.

Ijumaa Jamaldine alipiga.

"Nimeambiwa. Ni kweli analia?"

"Analia. Amechukua masikio yako."

Jamaldine akamshukuru Mungu. Kisha: "Nazira, kule kisiwani nilifikiri sana. Nimekurejea."

"Lini?"

"Jumatano. Nikiwa nimelala mchangani."

"Ulitamka?"

"Nilikuwa peke yangu. Niliazimia moyoni."

"Shehe alisema kutamka, Jamaldine. Na mtoto ametoka Jumatano hiyo."

"Basi nakuposa." Aliharakisha, maneno yakimkwama. "Nitakuja na mashahidi. Hatutazaa tena, yatosha hawa wawili. Rudi tu. Sema ndiyo."

Mara ya kwanza, alipoolewa, mjomba wake ndiye aliyejibu, na Nazira mwenyewe alikuwa chumba cha pili akipakwa hina. Sasa swali lilikuwa limekuja kwake mwenyewe, na pande zote za jibu aliona ukuta: ile nyumba yenye mkeka wa Bi Atija mlangoni na kitanda ambamo kila usiku ungekuwa wa kuhesabu siku asishike mimba, au Pemba, na Wahida kule, na mtoto huyu akikua akiuliza masikio yake ni ya nani. Alimpenda. Hilo halikumsaidia kupata mlango.

"Nazira? Upo?"

"Simu inazima chaji," alisema.

Simu ilikuwa imejaa chaji. Aliikata, akavuta kiti karibu na taa ya buluu, akaiweka kifudifudi mapajani, akaingiza kidole kwenye tundu la kioo. Mtoto alikishika asikiachie, na Nazira akabaki amekaa, jibu lake bado hajalitoa.