Cheki Nilizomchapia Papa

Papa, baba yangu mzazi, aligoma kula siku ya Jumanne. Nakumbuka kwa sababu Jumanne ndiyo siku yangu ya kupumzika, na nilikuwa nimempikia bukari, ugali wetu wa Katanga, na sombe, yaani kisamvu, niliyoitwanga mwenyewe. Akaisukuma sahani kwa kidole, akauliza: "Nani analipa hii chakula?" Nikamwambia, papa, kula tu, hakuna anayelipa. Hapo ndipo nilipoharibu. "Donc niko nakula bure kwa nyumba ya mukwe," akasema, akafunga mdomo. Hadi Alhamisi hakuufungulia chakula, maji tu.

Kwetu mwanamume hali bure kwa mkwewe. Mume wangu alilijua hilo, ndiyo maana yeye alikuwa akila jikoni, ili mzee asimwone na kukumbuka chakula ni cha nani. Lakini papa hakuwa na kitu hapa Brussels. Tulimleta baada ya mama kufa, na kichwa chake kilikuwa kimeshaanza kuondoka polepole. Kilichobaki ndani ni benki. Maisha yake yote alikaa nyuma ya dirisha la benki kule Lubumbashi akikagua cheki, na kazi yake ilikuwa kukamata za uongo. Hakuna sherehe ya ukoo wetu iliyopita bila kusimuliwa siku ile bwana mkubwa mmoja, mwenye tai na gari na dereva, alipoleta cheki safi kabisa, na papa akaiinua kwenye mwanga, akaisukuma kurudi dirishani, akasema kwa upole: "Mukubwa, hii karatasi haina mama." Watu walikuwa wanacheka hadi machozi. Ukoo wetu hauna mali wala cheo. Una hadithi hiyo.

Sasa alikuwa akizunguka nyumbani kutafuta kitabu chake cha cheki. Alifungua droo zangu, akapekua hadi soksi. "Maman," akaniambia, maana aliniita hivyo kwa kuwa nimebeba jina la mama yake, "kitabu yangu ya cheki iko wapi? Njo weye uliibeba?" Nikamweleza kwamba hapa siku hizi hakuna anayelipa kwa cheki, kila mtu ana kadi yake. Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtoto mwenye kichwa kigumu.

Alhamisi alipoanza kuyumba akienda chooni, niliwasha printa.

Nisijisifu. Nilifanya kwa hasira, na labda ndiyo maana ilitoka vizuri. Nilinunua karatasi nzito kidogo kwenye duka moja la mtaa wa Chaussée d'Ixelles. Kwenye kompyuta nikabuni benki ambayo haipo duniani, nikachora mistari myembamba ya kijani nyuma yake, mahali pa kiasi, mahali pa sahihi, namba zinazofuatana pembeni. Cheki tatu kwa ukurasa. Kushoto nikaacha kile kipande kinachobaki kitabuni, ambapo mwenye cheki anajiandikia amempa nani na kwa nini. Wino wa kijani ukaisha ukurasa wa nne, ikabidi nitoke tena kwenye mvua ile ya hapa, isiyojua kunyesha wala kuacha. Matundu ya kuchania nikayatoboa kwa cherehani bila uzi, mstari baada ya mstari. Jalada nikalikata kwenye boksi la viatu. Mama yangu! Kila ukingo niliupima kwa rula mara mbili, maana nilijua nampelekea nani.

Alikipokea, akachana cheki ya kwanza, akasogea dirishani, akaiinua kwenye mwanga. Nilisimama pale na kitambaa cha vyombo.

"Ni nyepesi," akasema.

"Ndiyo, papa."

"Banki za huku zinanyima karatasi." Akaketi, akaomba kalamu, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa kulala, akasaini, akanipa. "Hii ni ya chakula. Bon, leta ile bukari."

Alikula sahani mbili. Mimi nikaenda bafuni kulia, na hata sikujua nalilia nini.

Miezi minane tuliishi hivyo. Kila asubuhi, kabla sijashika metro Porte de Namur kwenda Jette, kwenye hospitali ninakofanya usafi, aliniandikia cheki ya siku. Alimwandikia mume wangu ya nyumba, na mume wangu, Mungu ambariki, akaanza kula naye mezani. Papa alinyooka mgongo. Akarudi kunikemea, tena kwa haki: sakafu ile, sauti ile, kijana wa jirani asiyesalimia. Kitabu kikiisha nilichapa kingine. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Mimi nilianza kudhani yangu imepata pa kupitia.

Halafu Jumapili moja, tumetoka misa, akaniita chumbani. Alikuwa hajavua koti. Cheki ilikuwa imekwisha andikwa, na kiasi chake kilijaza mstari mzima kwa Kifaransa.

"Maman, hii ni ya kunirudisha. Nikikufa, usiniache mu hii baridi. Unilalishe kule kwetu Likasi, pembeni ya mama yenu. Nimeshalipa. Unasikia?"

Alinipa kwa mikono miwili. Na mimi, mjinga mimi, nikapiga goti kidogo, nikapokea kwa mikono miwili, nikasema: "Nimepokea, papa." Kwetu neno hilo halisemwi kwa mchezo. Ningeweza kumwambia tutazungumza. Ningeweza kumwambia haraka ya nini. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nilimchelea mzazi, na kilio ni kilekile. Cheki nikaitia ndani ya Biblia.

Sikujua kwamba alasiri ile alimpigia simu mdogo wake Likasi.

Alikufa mwezi wa pili. Tulichangisha kanisani, tukaomba mkopo, tukanyimwa, na tulichopata hakikutosha kusafirisha hata nusu yake. Tukamzika hapa, kwenye udongo mweusi uliolowa, watu ishirini na miavuli yao. Niliona aibu kuitazama picha ya mama.

Siku ya tatu baba mdogo akapiga simu ya video. Nyuma yake niliona mkeka, wazee wameketi, akina mama wamejifunga vitambaa. Kilio chote kilikuwa kinanitazama.

"Ulimuzika huko? Juu ya nini?" akataka sababu.

"Pesa hazikutosha, baba."

"Pesa gani hazikutosha? Kaka yangu aliniambia yeye mwenyewe: nimeshalipa, cheki iko kwa maman. Ulipokea ao haukupokea?"

Cheki ilikuwa mkononi mwangu, chini ya meza, mahali simu haioni. Mume wangu, upande wa pili wa meza, alikuwa ananiambia kwa macho: inua, waonyeshe. Ningeinua tu. Baba mdogo si mjinga, angeelewa mara moja kwamba hakuna benki wala pesa. Lakini angeelewa na la pili: kwamba yule ambaye karatasi ya uongo haikuwahi kumpita amekula na kulala miezi minane juu ya karatasi za binti yake, kama mtoto anayecheza duka. Wangeelewa mkeka mzima, kaburi lake likiwa bado bichi. Na nilikuwa na hasira naye, nisiseme uongo. Simu ile alipiga ya nini, papa?

"Nilipokea," nikasema.

"Alors, pesa iko wapi?"

"Nilizikula, baba."

Mama mmoja akapiga yowe. Baba mdogo hakupandisha sauti. "Usitiye tena mguu yako hapa," akasema, akakata. Mume wangu akaniuliza nimefanya nini, nikamwambia aniache.

Mwaka huu kulikuwa na harusi Likasi. Sikualikwa. Binamu yangu mmoja, ambaye bado ananisalimu kwa siri, alinitumia sauti aliyorekodi pale sherehani, nikaisikiliza Porte de Namur nikisubiri metro. Alikuwa baba mdogo akisimulia. Bwana mkubwa, tai, dereva, mwanga wa dirishani, karatasi haina mama. Watu wakacheka palepale wanapocheka siku zote. Kisha akaongeza mwisho ambao sikuwahi kuusikia: "Mutu wa kumudanganya kaka yangu na karatasi hakuzaliwa. Ni binti yake tu njo alimuibia." Wakaitikia, eee.

Metro ikafika, nikaiacha ipite. Nikairudisha sauti mwanzo, nikaisikiliza tena mpaka pale wanapocheka, nikaizima.