Kyungu Alichanjwa, Kabange Akangoja

Ninyi majirani zangu wa kambi ya reli mmeniuliza mara elfu kwa nini niliacha ofisi ya mizigo majuma mawili, nikarudi nimekonda kama mwiko huku ninacheka peke yangu. Basi someni, halafu mniache nipumzike. Niliondoka kwa sababu ya ndui. Ilikuwa inashuka kutoka upande wa Kabongo, kijiji kwa kijiji, na kijiji cha dada yangu Ngoie kilikuwa mbele yake njiani. Ngoie ana mapasa, watoto pacha wa miaka mitatu, Kyungu na Kabange, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kovu la chanjo mkononi. Hiyo ndiyo sababu. Yale mengine niliyowaambia pale kwenye bomba la maji, kwamba Leta, serikali yenyewe, iliniita kwa jina langu lote, nilitia chumvi.

Kweli yenyewe ni hii. Munganga Filipo, mwuguzi wa dispansari, alihitaji mtu wa kuandika majina ya watu waliochanjwa. Nilimpelekea cheti changu cha shule ya jioni, kile chenye muhuri mkubwa kama sahani. Hakukitazama sana. Alikuwa ameinama juu ya meza akipanga punje za mahindi.

Mnajua kwetu Waluba wagonjwa hawahesabiwi kwa mdomo. Kutaja idadi yao ni kama kuwaita wengine. Kwa hiyo kila juma kapita, msimamizi wa kila kijiji, alituma jani lililofungwa kwa uzi wa gome, na ndani yake punje za mahindi: mgonjwa mpya mmoja, punje moja. Filipo alizaliwa kambini kama watoto wetu, baba yake ni fundi wa treni aliyetoka Rodesia, na mambo ya vijijini hakuyajua. Lakini punje alizipenda. Kila kijiji alikipa sehemu yake mezani, na kila juma mstari wake. Mtu asiyejua hata herufi moja angeona: mstari mrefu, unaofuata mrefu zaidi, halafu pale walipochanja, mfupi, mfupi, punje mbili, basi. Kijiji cha Ngoie hakikuwa na punje bado. Kijiji jirani kilikuwa na mstari uliofika ukingoni mwa meza.

"Tunaenda kesho," Filipo aliniambia. "Weye utabeba mutungi."

Jumatatu, alfajiri, Kamina. Kamyo, yaani lori, ilitukuta mbele ya stesheni. Dawa ya chanjo iko ndani ya mirija midogo ya kioo, na joto linaiua, kwa hiyo tuliiweka katika mtungi wa udongo, tukazungushia gunia lililoloweshwa. Kazi yangu ilikuwa kulilowesha gunia hilo kila linapokauka. Tulipita upande wa Base, kambi ya jeshi, ambako ndege zilikuwa zinatua, kubwa hata kivuli cha moja kilitufunika muda wa kuvuta sigara nzima. Baada ya hapo ni mchanga, nyasi, na vumbi. Vumbi lilikuwa jingi kiasi kwamba nilipopiga chafya dereva alisimama akidhani gurudumu limepasuka.

Jumanne tulichanja kijiji cha kwanza kando ya barabara, bila matata. Filipo hushika kichuma kidogo kinachofanana na nibu ya kalamu. Anatia tone la dawa mkononi, anakwaruza, basi. Yeye aliandika kwenye mikono ya watu, mimi niliandika kwenye karatasi, na kwa maoni yangu mwandiko wangu ulikuwa mzuri zaidi.

Jumatano, saa nne, kijijini kwa Ngoie. Kamyo ilitushusha barabarani, tukaingia kwa miguu. Kapita alikuwa amekwisha kutandika mikeka, watu wamepanga mstari. Nkambo Mujinga, bibi yao na mama mkwe wa dada yangu, alikuwa wa pili, na mgongoni amembeba Kyungu. Niliuliza Kabange yuko wapi. Akasema mwili wake una moto tangu usiku, amebaki nyumbani na mama yake.

Filipo alisikia. Aliniambia mtoto mwenye homa hachanjwi mpaka homa itoke. Atamchanja huyu, yule mwingine atangoja zamu nyingine.

Sasa hapa nawaomba msinicheke. Mimi ni Mluba, mtoto wa Mluba. Najua tangu tumboni kwamba mapasa hawagawanywi. Ukimpa mmoja ndizi, unampa mwingine ndizi. Mmoja akilia kwa kunyolewa, mwingine naye ananyolewa, hata kama kichwa chake ni laini kama yai. Nilijua. Lakini Filipo alikuwa amevaa koti jeupe, mimi nilikuwa na kalamu mbili mfukoni, na njia nzima nilikuwa nimemwambia kwamba mambo ya kizamani niliyaacha mlangoni mwa shule ya jioni. Niliona haya. Nikanyamaza, nikaandika: Kyungu.

Filipo akamkwaruza. Mtoto akalia. Na mstari wote, ninyi, mstari wote wa watu ukayeyuka kama chumvi ndani ya mchuzi. Nilipoinua macho palikuwa na mikeka, kuku mmoja, na kapita anayetazama viatu vyangu.

Ngoie akatoka nyumbani. Hakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Yaya," alisema, kama anavyoniita mimi kaka yake, "huyu munganga hajue. Minyi sina na neno naye. Lakini weye, weye unajua. Juu ya nini ulinyamaza?"

Nilianza kumwambia habari za homa na za chanjo, kwa maneno marefu niliyofundishwa. Akangoja nimalize.

"Ndui iko kwa jirani. Kabange iko na moto. Kama moto hii njo ndui, bantu bote batasema Kyungu alikamata dawa, Kabange akakatazwa, njo maana anakufa. Na minyi pia nitasema."

Akaingia ndani. Filipo aliniuliza maana ya maneno yale, na mara hii nilimweleza yote, pamoja na yale niliyopaswa kusema mapema.  Kisha akacheka kidogo, bila furaha, akasema angalau sasa anajua kwa nini alikuja na Mluba. Ilibaki tu Mluba huyo afungue mdomo.

Mchana tulikwenda kwa Nkambo Mujinga kuomba shauri. Nilichukua punje za mahindi nikazipanga chini mbele yake, kama mezani kwa Filipo, nikimwonyesha jinsi mistari inavyokufa pale watu walipochanjwa. Alizitazama moja moja. Aliuliza kijiji cha nani hiki, cha nani kile. Alielewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi, na mimi ndiye mwenye cheti.

"Hii mambo tunaona," alisema. "Sisi hatukatae dawa. Tunakataa kugawanya mapasa. Kabange akichanjwa, hata minyi nitaleta mikono yote mbili. Akibaki, hakuna mutu hapa atatoa mukono."

Filipo aliuliza kwa heshima kama wengine hawawezi kuchanjwa leo, na Kabange akapona polepole. Nkambo akamjibu kwamba yeye Filipo ni mgeni, na mgeni hakosei, anafundishwa.

Kwa hiyo tukakata shauri. Kesho yake Filipo angeenda vijiji vya mbele na sehemu ya dawa, arudi Jumapili. Mimi ningebaki na mtungi, mirija michache, na vidonge vya kinini kwa ajili ya Kabange. Kama ni homa ya mbu, kinini itaishusha. Kama ni ndui, vipele vitaonekana paji la uso siku ya tatu au ya nne. Filipo alinionyesha mahali pa kutazama, akaenda.

Alhamisi. Nimewahi kungoja matokeo ya mtihani, nimewahi kungoja mshahara, nimewahi kungoja jibu la baba mkwe. Zote ni mchezo. Kila alfajiri nilichota maji kisimani nikalowesha gunia la mtungi, kisha nikaenda kusimama mlangoni kwa Ngoie. Hakunikaribisha kuketi. Alimgeuza Kabange uso kwenye mwanga, sote tukatazama paji lake. Laini. Alikuwa bado anaungua, ukiweka muhogo juu yake ungeiva. Kyungu alilala pembeni yake, mkono wake mwenye alama juu ya tumbo la ndugu yake, na hakuna aliyeweza kumwondoa.

Ijumaa. Tukamgeuza kwenye mwanga. Laini. Nilipomgusa nilidhani mkono wangu ndio mgonjwa, kwa maana sikusikia joto. Nikamgusa tena. Akafungua jicho moja akaomba bukari, ugali wetu, tena bukari ya samaki.

 Ngoie alileta kigoda akakiweka karibu na mlango. Nikaketi. Jirani zangu, nimeketi katika viti vya daraja la kwanza kwenye behewa tupu pale stesheni, wakati mkaguzi hayupo, lakini kigoda kile kilivishinda vyote.

Jumamosi, laini. Jumapili asubuhi, laini. Basi haikuwa ndui.

Jumapili, saa tano. Filipo alirudi amechafuka vumbi mpaka kwenye nyusi. Jambo la kwanza aliuliza ni paji la uso. Nilimwambia. Aliketi chini palepale njiani, juu ya mfuko wake, akavuta pumzi kama mtu aliyetua gunia la makaa ya mawe.

Ngoie akamleta Kabange mwenyewe. Filipo akaweka tone, akakwaruza. Kabange hakulia, Kyungu ndiye aliyelia kwa niaba yake, na wanawake wakakubali kwamba hesabu imekaa sawa. Hapo ndipo walipoanza kuimba. Ninyi mnazijua nyimbo za mapasa: kadiri zinavyotukana ndivyo zinavyobariki. Lakini Filipo hakujua. Walimzunguka wakiimba juu ya miguu yake myembamba, juu ya koti lake jeupe ambalo mama yake alilishona kwa kitambaa cha kuchujia pombe, na mambo mengine ambayo karatasi hii haiwezi kuyabeba. Alinigeukia, macho makubwa.

"Banakasirika tena?"

Mara hii sikunyamaza. Nilimwambia amekwisha kuwa mtu wa nyumbani, na atukane naye kama anaweza. Alifikiri kidogo, akamwambia Nkambo Mujinga kwamba mikono yake ni mikavu sana, itamvunjia chuma chake. Kijiji kizima kilianguka kwa kicheko. Nkambo akanyoosha mkono wa kwanza, na mstari ukajipanga nyuma yake mrefu kuliko treni ya shaba. Niliandika mpaka kalamu zote mbili zikakauka, nikamaliza kwa kipande cha mkaa.

Baada ya hapo tulizunguka vijiji vingine juma zima. Sitawachosha. Jumapili iliyofuata, njiani kurudi, tulipita tena. Kuchanjwa peke yake hakutoshi. Lazima alama ivimbe na kutoa maji, ndipo unajua dawa imeshika. Ya Kyungu ilikuwa imeanza kukauka. Niliogopa sana juu ya Kabange, kwa maana dawa yake ilikaa siku zile zote ndani ya mtungi wangu, na kama niliacha gunia likauke hata mara moja, lawama ni yangu. Ngoie alimleta, akainua mkono wake. Palikuwa na lengelenge la mviringo, limejaa, zuri kama kifungo cha shati jipya.

"Mutungi yako ilikuwa na baridi, yaya," Ngoie alisema, akanipa kuku wawili. Wawili, bila shaka. Mjomba wa mapasa hapewi kuku mmoja.

Kamina, baada ya kurudi. Juma la kwanza jani la kijiji cha jirani yao lilikuwa na punje chache. Kutoka kwa Ngoie halikuja jani, kwa sababu mto ulijaa. Juma la pili, nikiwa dispansari nimeleta karatasi zangu, akaingia mzee mmoja mwenye baiskeli, matope mpaka magotini, kofia mkononi. Alikuwa mpeleka majani wa upande ule. Alisema kwa sauti ya mtu aliyevunja chungu cha mtu mwingine kwamba anaomba msamaha. Alipovuka mto alilifungua jani la kijiji cha Ngoie kuona kama limelowa, akakuta tupu. Punje zimemponyoka. Alirudi nyuma akitafuta njiani tangu asubuhi mpaka jua la kichwani, akiinama kama kuku, hakuona hata moja.

Filipo alichukua jani lile. Uzi wa gome ulikuwa umefungwa vizuri, kwa fundo la kapita ninalolijua. Alilikunjua taratibu juu ya meza, akalinyoosha kwa kiganja. Halikuwa na kitu ndani.

"Baba," nilimwambia mzee, "haukupoteza kitu. Walituma hivi hivi."

Alituangalia, mimi na Filipo, tunavyocheka na kufuta macho, nafikiri alituhurumia. Tukampa chai yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko.

Nilichojifunza ni kidogo, na cheti hakikuniambia: mtu aliyesoma, akiona haya kusema anachojua kutoka kwa mama yake, hajafika shuleni bado. Na gunia la mtungi lisikauke.

Mkienda dispansari mtaona meza ya Filipo. Vijiji vingine vyote vina mistari yao ya mahindi. Katikati pana nafasi tupu, upana wa kiganja, ameiwekea alama ya chaki pande nne. Hakuna mtu anayeruhusiwa kuweka kikombe pale.