Kaboni, Alumini na Keria ya Mama

Baiskeli yangu ya zamani ilikuwa ya chuma kitupu, nzito kiasi kwamba nikiiegemeza ukutani, nyumba ndiyo ilikuwa inaomba msaada. Nilikwenda nayo kwa mama karibu kila Jumapili baada ya ibada, kwa barabara ya lami ya kuelekea Urambo, upande uleule waliouelekea wapagazi wa misafara wakitoka Tabora kwenda Ujiji. Kisha magoti yangu yakagoma. Nikipiga pedeli yalilia mpaka mbwa wa mtaani kwetu Mtendeni wakawa wananijibu.

Mama naye mguu wake ulikuwa umeshamkatalia safari za mjini. Nisipokwenda mimi, hatuonani. Mabasi yapo, lakini kijijini kwake hayasimami mpaka ujilaze katikati ya barabara.

"Tafuta baiskeli nyepesi, zile za resi," akasema mke wangu, ambaye mikono yake ilikuwa imechoka kunichua. "Ama sivyo mama yako ataanza kukuota tu."

Nikaenda mtaa wa Ng'ambo, hapahapa Tabora, kwa muuzaji wa baiskeli za mtumba. Yeye ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani: ana ruhusa ya kunitukana tangu enzi za mababu zetu, wa kwetu walipokuwa wanafika pwani na pembe za ndovu mabegani na wa kwao wakiwapokea.

"Karibu, mpagazi," akasema. "Leo umeleta mzigo gani?"

"Nimekuja kununua, mtani. Usiniibie."

"Nikuibie nini? Mnyamwezi ana nini zaidi ya bega?"

Alikuwa na baiskeli mbili za resi, za bei moja. Ya kwanza fremu yake ilikuwa ya kaboni, nyeusi inayong'aa, ya miaka mingi kidogo na gia zake zimechoka. Ya pili ilikuwa ya alumini, rangi ya sufuria, mpya zaidi, gia zinaingia bila kubembelezwa. Wiki nzima nilikuwa nimesoma habari hizo kwenye simu, mpaka ndoto zangu zikawa na cheni. Kaboni, kwa maneno yangu, ni nyuzi zilizogandishwa kwa gundi. Inameza mtikisiko wa barabara, lakini ukiibana kwa nguvu mahali pasipotakiwa inaweza kupasuka kwa ndani bila kukuaga. Alumini ni ngumu na haina siri kubwa, ila kila kokoto unayoikanyaga inapiga simu moja kwa moja kwenye meno yako.

Nikainyanyua ile ya kaboni kwa kidole kimoja. Sisemi uongo, kwa mkono mwingine nilikuwa najikuna.

"Nijaribu hii Jumapili, nyingine Jumapili inayofuata," nikasema.

"Sawa. Acha hilo jengo lako hapa kama dhamana. Likianguka litaua mteja, lakini nitavumilia."

Jumapili hiyo sikuendesha, nilipeperuka. Malori ya tumbaku niliyapita, au tuseme moja nililipita, lilikuwa linabadilisha tairi. Magoti yalikaa kimya kama wanafunzi mwalimu mkuu akiingia. Nilipokata kona ya nyumbani nilikuwa nimeshaamua: kaboni, basi.

Mama alikuwa ameketi barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja na nini hicho? Mbona kimekondeana? Hakijala?"

"Ndiyo ya kisasa, mama. Nyepesi kuliko wewe."

Tukala ugali, tukaongea, na jua lilipoanza kupoa akainuka kama kawaida yake, akiburuta ule mguu. Kwa mama hakuna mtoto anayeondoka mikono mitupu. Alikuwa ameniandalia kifurushi cha matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kuanika ambavyo mke wangu anavipenda, kidumu cha asali, na kuku wa kijivu aliyefungwa miguu. Mkononi alishika mipira aliyoikata kutoka tyubu kuukuu. Kila Jumapili alifunga mzigo mwenyewe. Hata mimi sikuruhusiwa kugusa fundo.

Akaizunguka baiskeli mara ya kwanza. Akaizunguka tena.

"Keria iko wapi?"

"Haina, mama."

"Imeanguka njiani?"

"Hazifungwi keria hizi. Hata tundu la kuikazia hakuna."

"Basi tutafunga hapa." Akaweka kifurushi juu ya bomba la katikati, akazungusha mpira, akaanza kuvuta kwa ile nguvu yake ya kukaza kuni.

"Mama, usikaze!" nikapiga kelele, kumbe kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. "Itapasuka!"

Akaachia. Akaniangalia, akaiangalia baiskeli, kisha akafungua mpira taratibu na kuukunja kiganjani.

"Inapasuka kwa viazi?" akauliza.

Nilichukua asali kidogo kwenye chupa ya maji, nikaitia mfuko wa nyuma wa shati. Siku zote alinisindikiza mpaka kwenye lami, hata mguu ukimuuma, mkono wake ukiwa juu ya mzigo. Siku hiyo alibaki barazani na kuku kwapani.

"Haya, nenda na wepesi wako," akasema. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonisumbua njia nzima. Baiskeli ilikuwa nyepesi vilevile, upepo ulikuwa nyuma yangu, lakini nilifika mjini nimechoka kama niliyeibeba kichwani.

Kesho yake nikamsimulia mtani. Alicheka mpaka akashikilia meza.

"Yaani babu zako walibeba meno ya tembo mpaka baharini, wewe unashindwa kubeba viazi vya mama? Nitawaambia nini Wazaramo wenzangu? Mpagazi amechagua baiskeli ya kubeba upepo!"

"Kejeli baadaye. Hiyo ya alumini ina matundu ya keria?"

Akainama, akaipangusa vumbi kwa kidole karibu na ekseli ya nyuma. Yalikuwepo, pande zote mbili.

"Lakini itakutikisa," akasema.

"Itikise."

Tukaikazia keria kabla sijabadili mawazo. Haikupendeza hata kidogo. Ilikaa kama bwana harusi aliyevaa ndala. Na kweli ilinitikisa. Jumapili iliyofuata, kufika nusu ya njia, nilikuwa nimeshayahesabu meno yangu yote kwa ulimi kuhakikisha hakuna lililobaki nyuma. Lakini zile gia nzuri zilinipandisha vilima bila ugomvi, na magoti hayakulalamika.

Mama alisikia keria ikigonga kabla hajaniona. Alikuja mpaka uani. Hakujibu shikamoo yangu mara moja. Kwanza aliishika keria kwa mikono miwili akaitikisa kama anayetaka kung'oa mhogo. Haikung'oka.

"Marahaba," akasema.

Alifunga matobolwa, akafunga kidumu kizima cha asali, juu yake akamlaza kuku yuleyule wa kijivu, aliyedhani amenusurika. Alivuta mipira mpaka keria ikalia, akanitazama kuona kama nitapiga kelele. Nikatazama angani. Uzito wote niliokuwa nimeukwepa kwenye chuma, mama aliurudisha kwa dakika chache, na bado akawa anatafuta pa kuchomeka mabua mawili ya miwa.

Tukatembea pamoja mpaka kwenye lami, polepole, mguu wake na baiskeli yangu, mkono wake juu ya mzigo.

"Jumapili ijayo kuna karanga," akasema. "Usije na kile kingine."

Nikapanda. Kila kokoto niliyoikanyaga, kuku alilalamika kabla yangu.