Uso wa Saa ya Mzee wa Matungu

Nilipokuwa kijana niliamini, kwa moyo wote na akili zote, kwamba hewa ya kiwanda cha sukari hukimbiza saa. Usicheke. Kuanzia Mumias hadi Matungu kila mtu alijua hivyo. Moshi wa kiwanda umebeba utamu, walisema, utamu unapenya ndani ya saa ya mkononi, na saa ikishaulamba inapata nguvu kama mtoto aliyepewa chai ya wageni. Inakimbia. Na ushahidi ulikuwepo: mzee mmoja wa Matungu, mkulima wa miwa, ambaye saa yake ilikuwa mbele ya saa zote za Kenya. Ilisemekana akiamka yeye, jogoo humwomba msamaha kwa kuchelewa.

Tena mimi nilikuwa fundi saa. Fundi mwenye cheti cha ngumbaru! Nilijifunza kuandika nikiwa na ndevu, jioni baada ya jioni, katika darasa lenye taa ya karabai. Mwalimu wetu alituandikisha nambari ubaoni mpaka mkono ukawa unaziandika hata ukiwa umelala. Nane yangu ilikuwa maarufu. Sijui kama kuna nane nyingine Afrika Mashariki iliyowahi kupigiwa makofi, lakini yangu ilipigiwa.

Miaka hiyo miwa ilikuwa miwa kweli. Mkulima akilipwa, kwanza aliezeka mabati, kisha alinunua redio, kisha saa. Na saa zikiharibika ziliteremka zote kwangu, kwenye veranda ya duka moja mjini Kakamega, nilipokaa na meza yangu ndogo na kioo changu cha jicho moja. Kuna siku foleni ya wateja wangu ilifika Webuye. Wengine watakuambia walikuwa watu wanne tu. Hao hawakuwepo.

Basi asubuhi moja yule mzee wa Matungu mwenyewe akasimama mbele ya meza. Moyo ulinishuka hadi kwenye viatu, maana binti yake tulikuwa tukisoma naye darasa la jioni, na tulikuwa tumeshaelewana mambo ambayo mwalimu hakuyaandika ubaoni.

"Ni wewe mnasomanga na binti yangu?"

"Ni mimi, baba."

"Baba bado. Niite mteja."

Fundi viatu, jirani yangu wa veranda, aliacha sindano hewani ili asikie vizuri.

Mzee akavua saa. Alikuwa ameinunua kwa malipo ya miwa yake ya kwanza, na tangu hapo haikutoka mkononi ila akienda kuoga. Msimu uliopita, akiwasaidia wapakiaji, muwa ulikuwa umegonga kioo kikapasuka, mvua ikaingia. Uso wa saa, ule uliokuwa mweupe kama meno ya mtoto, ulikuwa umevimba malengelenge. Nambari za upande wa chini zilikuwa zimebanduka zote, na doa la kahawia lilikuwa limetanda pale zilipokuwa. Niligusa lile doa kwa ncha ya kidole nikalamba. Naapa lilikuwa tamu.

"Nitakuwekea uso mwingine," nilisema, nikivuta kopo langu la saa marehemu.

"Uso mwingine?" Mzee alinitazama kama niliyemtukana. "Hata mimi uso wangu umekunjamana. Umesikia mke wangu akitafuta mwingine? Nataka huuhuu. Na jambo la pili: hii saa inakimbianga. Juzi nimefika mkutano wa wakulima hata mwenye ufunguo wa ofisi hajaamka. Nimekaa mlangoni peke yangu kama mbuzi aliyeachwa sokoni, wenzangu wakaja wakanicheka. Rudisha uso wake, na uikomeshe mbio. Ukiweza, lete wazee wenu nyumbani. Ukishindwa, usinipitie hata barabarani."

Akaenda zake.

"Daktari," fundi viatu aliniita, "mgonjwa leo ni saa ama ni wewe?"

"Wewe shona viatu."

"Nashona. Vya harusi ama vya kutorokea?"

Nilifanya kazi ile kama ninayepasua moyo wa rais. Niling'oa mishale kwanza, taratibu, kwa sababu mshale ukipinda haunyooki tena sawasawa. Nikautoa uso. Nyuma ya kila uso wa saa kuna vimiguu viwili vinavyoingia katika matundu ya mashine, na kimoja kilikuwa kimelegea, nikakikaza kwa tone la risasi ya kulehemu, dogo kuliko punje ya wimbi. Malengelenge niliyalaza kwa gundi. Doa nilikuwa nimelijaribu kwa mafuta ya taa likanicheka. Kilichoshinda ni mate. Ndiyo, mate, na kijiti chenye pamba, ukisugua kwa adabu kama unayempangusa mtoto macho. Mate yangu yalikauka, nikanywa maji, nikaendelea.

Kisha nambari. Wino mweusi niliuchanganya mzito, na brashi niliitengeneza kwa manyoya ya mkia wa paka wa mwenye duka, paka ambaye tangu siku hiyo alipoona kivuli changu alipanda juu ya paa. Nilishika pumzi. Tano. Nikapumua. Sita. Saba. Nilipofika nane fundi viatu alikuja kusimama nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alinyamaza. Nikaipiga kwa mzunguko mmoja bila kuinua mkono, ndogo kuliko jicho la sisimizi, kiuno chake kimekaa katikati kabisa.

"Hiyo," alisema polepole, "imezaliwa hapo."

Nimepata mengi maishani, namshukuru Mungu. Lakini mtu ambaye miaka michache nyuma alikuwa akiweka alama ya kidole gumba mahali pa jina lake, na leo ameandika nane juu ya uso wa saa na huwezi kuitofautisha na zile za waliotengeneza saa Ulaya! Niliinuka nikatembea kutoka mwisho wa veranda hadi mwisho mwingine, ili nionekane.

Jambo la mbio nalo nilikuwa nimelipata dawa. Niliifunika saa kwa kioo kipya, nikaipima pale Kakamega kwa redio ya mwenye duka, siku baada ya siku, haikukimbia hata kidogo. Bila shaka, nilijiambia, hapa hakuna moshi wa sukari. Kwa hiyo kabla ya kumrudishia mzee, niliziba ukingo wa kifuniko cha nyuma kwa nta ya mshumaa, utamu usipate pa kuingilia. Mzee alipokuja kuichukua aliugeuza ule uso juani huku na huku.

"Leta wazee," alisema mwishowe.

Tulifika Matungu mchana wa Jumamosi, mimi na baba zangu wadogo, mashati yamepigwa pasi hadi yanakata. Tulikaribishwa sebuleni. Mama wa binti alikuwa jikoni, nyuma ya pazia, kwa maana kwetu mama mkwe na mkwe hawasemeshani ana kwa ana, wala hawatazamani. Harufu ya ingokho, kuku wetu wa wageni, ilitufikia kabla ya salamu kuisha.

Mzee aliwaonyesha wazee wangu saa. Ilizunguka mkono kwa mkono. "Zipi ulizoandika wewe?" baba mdogo aliniuliza, na hakuna swali tamu nililowahi kuulizwa kuliko hilo, kwa sababu hakuweza kuzijua.

Ndipo redio iliyokuwa kabatini ikapiga ile milio yake ya saa saba kamili. Mzee akaitazama saa. Akaitazama redio. Saa yake ilionyesha saa saba na robo.

Baba zangu wadogo wakanigeukia.

"Uso umeuponya," mzee alisema, akiivua. "Lakini tulikubaliana mambo mawili, kijana."

"Baba, ni hewa ya hapa," nilijitetea. "Sukari ya hapa ni kali. Hata nta imeipenya!"

"Basi imekushinda. Na mimi neno langu huwa moja." Akaanza kuinuka, na baba zangu wadogo wakaanza kutafuta kofia zao. Mlangoni pa chumba cha ndani niliona kitambaa cha binti yake kikirudi nyuma.

Pazia la jikoni likatikisika. Sauti ya mama ikatoka, pole, haikunielekea mimi.

"Baba watoto, keti. Hakuna sukari inayokimbiza saa. Ni mimi. Kila ukienda kuoga nakivuta hicho kidude cha pembeni cha kutilia ufunguo, naisukuma mishale mbele, kwa sababu wewe hulala sana, na trekta ikikukosa barabarani inabeba miwa ya jirani, yetu inakauka shambani. Saa haina kosa lolote. Huyo kijana ameitengeneza vizuri."