Wafu Waliosubiri Majina

Nilipokuwa mtoto pale Kibabii, Kukhu, mama yake baba, ndiye aliyeniambia kwanza kwamba wafu wetu hurudi kupitia watoto. Mtoto mchanga akilia bila kukoma, wazee humwitia majina ya waliokufa, na lile linalomnyamazisha huwa lake. Kukhu alikuwa mama wa kanisa, lakini hakuona shida. "Mungu anatoa mtoto," alisema, "wafu wanatoa jina."

Nilikuwa na miaka tisa nilipomwona mama akimeza kidonge nyuma ya jiko. Vidonge hivyo alikuwa amevileta kutoka Kitale, alikokwenda kuvuna mahindi ya watu, akavificha kwenye mkebe wa wimbi. Nilimuuliza Kukhu ni vya nini.

"Ati vidonge? Huyo amefungia wafu mlango! Watoto watano tu na ameshachoka? Mimi nilizaa kumi na mmoja na bado nalima!" Kisha akaacha kucheka. "Wakikosa mlango, Nafula, watamchukua yeye."

Nilimpenda mama. Siku hiyo hiyo nilivitupa vyote chooni.

Mama alipojua hakunichapa. Aliketi chini na ule mkebe mapajani. "Mayi, mwanangu, daktari alisema nikizaa tena sitapona," aliniambia. "Si ungeniuliza tu?"

Zahanati ya karibu aliiogopa, kwa sababu nesi wa pale alisali kanisa moja na Kukhu. Akasema atangoja mavuno arudi Kitale. Mahindi hayajakomaa, tumbo likaonekana.

Alifariki akijifungua msichana. Kukhu alilia kuliko sisi sote, na mpaka siku yake ya mwisho aliamini ni wafu waliomchukua. Sikumwambia nilichofanya. Leo nina watoto wangu wawili, na nimejaribu kumchukia Kukhu nikashindwa. Hakunidanganya. Aliniambia alichoamini, nami nilikiamini kwa sababu nilitaka mama aishi.

Jioni ya mazishi mtoto alilia sana. Kukhu akaita majina ya wafu wake wote, mtoto asinyamaze. Jina la mama hakuliita, nadhani lilimshinda mdomoni.

Asubuhi iliyofuata, watu wakiwa bado wamelala, nilimbeba mtoto nikamwita kwa jina la mama: Nasimiyu. Nasimiyu. Niliita mpaka sauti ikakauka. Hakunyamaza. Basi nikapasha maziwa ya ng'ombe, nikayaongeza maji, nikamnywesha kwa kijiko.