Baharia wa Kawangware Aliyejificha Soweto West

Saa mbili asubuhi, Ishmael Khamala anakunywa chai akiwa amevaa helmeti ya kuchomelea. Anaipandisha hadi puani, anapiga funda moja, anaishusha tena. Hapa Soweto West, Kibera, mafundi wengi huchomelea kwa miwani ya jua na mengine kumwachia Mungu. Yeye hufunika uso mzima, hata mashine ikiwa imezimwa.

"Mwanzo nilidhani ni mtu wa kujali usalama sana," anasema Kagiri, mwenye kibanda hiki cha kutengeneza milango, madirisha na ngazi za chuma. "Kumbe ni kujificha, bana. Akipita mtu wa Kawangware, huyu anainama kama ameangusha kitu."

Kawangware ni kwao. Ni mwendo wa saa moja hivi kwa miguu, lakini Ishmael, mwenye umri wa miaka ishirini na tisa, hajakanyaga huko tangu Machi. Mama yake, Annet Nasipwondi, anayeuza chapati karibu na kanisa lao, anaamini mwanawe yuko baharini. Kila Jumapili mchungaji humwombea kwa jina.

Si kwamba alidanganya tangu mwanzo. Bahari aliiona.

Baada ya kozi ya uchomeleaji na miaka miwili ya kuwasumbua mawakala wa kazi za melini, alipata kazi ya msaidizi wa fundi katika meli ya mizigo. Mtaa ukamchangia. Siku ya kuondoka, kwaya ilimsindikiza ikiwa na sare, mchungaji akaupaka mkoba wake mafuta, na vijana wakachapisha bango kubwa lenye picha yake na maneno BAHARIA WETU. Likapigiliwa juu ya kibanda cha chapati.

"Ukisindikizwa hivyo, huwezi rudi mikono mitupu," anasema. "Mimi nilirudi baada ya wiki tatu."

Meli yao ilitoka Durban na shehena ya makaa ya mawe. Ikiwa katikati ya bahari, dhoruba ikaipiga na bamba moja la ubavuni, upande wa mbele, likapasuka. Maji yakaanza kuingia. Mabaharia wakaunda sanduku la mbao juu ya ufa na kulijaza saruji, njia ya zamani ya kuziba kwa muda. Aliyekoroga saruji ni Ishmael.

"Niliikoroga kama ya kujenga choo Kawangware," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Jamaa mmoja Mfilipino alikuwa amenishika mshipi nisiteleze. Lakini ilishika."

Kiraka hicho kisingeweza kuvumilia safari yote. Nahodha aliomba hifadhi katika bandari ya kwanza, ikakataa kwa hofu kwamba meli ingezama mlangoni na kufunga njia. Pampu zikaendelea kunguruma. Kisha ikaja habari kwamba kuna bandari imekubali kuipokea na kuitengeneza. Mabaharia wakakumbatiana.

Bandari hiyo ilikuwa Mombasa.

Ishmael anavua helmeti na kuipakata. Macho yake hayainuki kutoka sakafuni.

"Wenzangu walikuwa wanaomba tufike. Mimi nilikuwa naomba tufike kwingine," anasema. "Watu ishirini kwa meli, maji inaingia, na mimi nawaza bango. Hiyo ndio inaniaibisha, hata kuliko kurudi."

Meli iliingia salama. Mafundi walipoikagua, waliona kazi ni ya miezi. Mabaharia wakalipwa siku walizofanya kazi, wakarudishwa makwao. Wenzake walimwonea wivu kwamba kwao ni karibu.

Alifika Nairobi na mkoba wake uliopakwa mafuta, akasimama kando ya barabara muda mrefu, kisha akashika njia ya Kibera.

Sasa hupata kama shilingi mia saba siku yenye kazi. Mama yake huzungumza naye kwa WhatsApp tu, ili namba ya simu ya Kenya isimfichue. Humsimulia habari za samaki wakubwa ambao hajawaona.

Alikubali tumtaje kwa sharti moja, kwamba tungoje kuchapisha hadi Jumapili atakaposimama mwenyewe kanisani na kusema ukweli. Jumapili gani? "Moja ya hizi," anajibu. Kagiri anakohoa.

Tungali tunazungumza, mvua inaanza, na simu inaita. Ni mama. Simu hiyo imeharibika, haisikiki bila spika kubwa, kwa hiyo sote tunasikia.

"Umekula, baba?"

"Nimekula, mama."

"Huku kunanyesha vibaya. Huko je?"

"Huku ni jua tu. Bahari imetulia."

Juu yetu mabati yanapiga kelele hadi inambidi apaze sauti.

"Na hiyo kelele?"

"Ni mawimbi."

"Si umesema imetulia?"

Kagiri anageuka kuangalia ukuta.

"Ishmael, mimi nimelala chini ya mabati miaka yote hii," mama anasema polepole. "Uko wapi?"

"Kibera, mama. Soweto West." Sauti yake ni ndogo sasa. "Meli iliharibika. Ikapelekwa Mombasa itengenezwe."

"Mombasa kwa nini?"

"Ilikuwa karibu. Na ilikubali."

"Na kwangu ni mbali?" mama anauliza. "Ama ni mimi nilikataa?"

Ishmael analia. Hatafuti helmeti.

"Nitakuja Jumapili, mama, nisimame kanisani niwaambie."

"Kanisani ni Jumapili. Kwangu ni leo. Na ukuje na ngazi. Hiyo bango yako imepauka, na mimi siifikii."

Kagiri anamwazima ngazi ambayo mteja bado hajaijia. Meli ikitoka kutengenezwa, Ishmael anasema akijipangusa uso, ataomba kazi tena, ila safari hiyo kwaya ibaki kanisani.

Mvua inapopungua, anaiweka ngazi begani na kuanza kutembea kuelekea Kawangware. Helmeti ameiacha kwenye msumari. Jirani mmoja anamwuliza anaenda kumjengea nani.

"Naenda kwetu," anajibu.