Mtaalamu Analala Wapi

Asma Uwesu alikuwa na ugonjwa usio na dawa: hakuweza kusema neno bila kuliwekea kinga. Ukimwuliza kama mvua itanyesha, atakujibu kuwa dalili zipo, ila... Ofisini kwake Dodoma, kwenye mitambo ya kupima mitikisiko ya ardhi, tabia hiyo ilimpandisha cheo. Redioni nusura imwue mama yake.

Tetemeko lilipita asubuhi ya baridi ya Julai. Lilimwaga vyombo na kupasua kuta upande wa Ihumwa, halikuua mtu. Vumbi halijatua, mtangazaji Fabian alishafika na kinasa sauti chake. Je, litarudi? Asma akaeleza kisomi na kwa kirefu, mawimbi, miamba na takwimu, na katikati ya maelezo akasema uwezekano wa tetemeko kubwa zaidi upo, ingawa ni mdogo sana, na kwamba hakuna duniani awezaye kulitabiri. Fabian hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu na nafasi finyu kwenye taarifa ya habari. Kilichosikika hewani ni: "Uwezekano wa tetemeko kubwa zaidi upo."

Jioni, alipokwenda Ihumwa kumjulia hali mama yake, Asma alikuta mtaa mzima umehamia nje. Magodoro, majiko, watoto wamefunikwa kanga, na upepo ule wa kipupwe unaopenya hadi kwenye mifupa. Mama yake, Bi Mwanaidi, alikuwa ameketi mkekani uani, kifua kikipiga filimbi. Pumu yake na baridi havijawahi kupatana.

"Shikamoo mama. Unafanya nini nje na kifua hicho?"

"Marahaba. Si wewe uliyesema?" Alivuta pumzi kwa shida. "Nimekusikia mwenyewe. Nikawaita na majirani, njooni msikie, huyo ni mwanangu."

Asma alitamani ardhi immeze. Alimbembeleza aingie ndani, akaapa, hata akalia.

"Kayaseme hukohuko ulikoyasemea," mama akamjibu. "Hapa unanionea huruma tu."

Kulipokucha walimkimbiza zahanati. Akavutishwa mvuke wa dawa, na daktari akasema wazi kwamba kifua kile hakitahimili baridi ya nje usiku mwingine. Bi Mwanaidi akamshukuru vizuri sana, kisha akarudi mkekani kwake.

Asma akaenda redioni akidai kuzungumza moja kwa moja, pasipo mtu wa kumkata. Njiani bosi wake alimpigia simu. "Usiahidi kitu, Asma. Watu wakiingia ndani halafu ukuta ukaanguka, watakuja kwetu." Bosi alikuwa na haki. Akisema ingieni, anaweza kuua mtu asiyemjua. Akinyamaza, anamwua anayemjua.

"Kitaalamu," akaanza mbele ya maikrofoni, na papo hapo akamwona Fabian akiangalia saa. Akaanza upya.

"Umewahi kulibwaga gunia la uwele chini? Punje hazitulii mara moja. Zinajipanga, zinashuka kidogo, zinashuka tena. Ardhi yetu sasa inajipanga. Itatikisika tena, na karibu kila mara inakuwa kidogo kuliko mwanzo. Karibu. Sina namna ya kuwaapia."

Simu ya kwanza iliingia. Ilikuwa sauti anayoijua, Athuman, jirani wa mama yake.

"Dada, ya gunia nimeelewa. Nauliza moja tu. Wewe leo unalala wapi?"

Fabian aliinua kichwa. Hakuna chuo kilichomfundisha jibu la swali hilo, na alijua kwamba chochote atakachosema, Ihumwa nzima itakifanya kabla jua halijazama.

"Kwa mama yangu," akasema. "Sebuleni silali. Ukuta wa pale una ufa unaoingia kidole, na tukitikiswa, ukuta ndio utakaotuangukia. Chumba cha nyuma nilikikagua jana usiku, kuta zake ni nzima. Nitalala humo na mama, kabati tutalitoa, mlango hatutaufunga kwa kufuli. Kagueni kuta zenu. Zenye nyufa kama ile, msiingie, nendeni kwa jirani mwenye nyumba nzima."

Magharibi ilimkuta chumba cha nyuma, ubavuni mwa mama yake, aliyekubali kuingia baada ya kumsikia redioni, taa ikiwaka. Uani majirani walikuwa bado wamekaa juu ya magodoro, macho kwenye mlango wa Bi Mwanaidi. Hakuna aliyeficha kwamba anatazama.

Ndipo ardhi ikanguruma. Bati likalia, glasi ikagonga sahani. Nje wanawake walipiga ukelele. Miguu ya Asma ilitaka kukimbia, kabisa, ilikwisha kugusa sakafu. Mama akamshika mkono. Hakuvuta wala hakusukuma, alimtazama tu aone mwanawe anafanya nini.

Asma akarudisha miguu kitandani.

Kukatulia. Kuta zilikuwa zimesimama.

"Asma!" Athuman aliita kutoka uani. "Uko wapi?"

"Nipo ndani."

Magodoro yakaanza kuburutwa, na sauti ya Athuman ikasikika ikimkaripia mkewe: "Stumai, ngoja! Tukague ukuta kwanza."

Asma akalivuta blanketi, akamfunika mama kifua.